Mguu Haujajibu

Tangu habari za nyumba ya marehemu Mrisho zienee, kuna watu hapa Isevya wananiita fundi wa majini. Wakome! Mimi ni fundi wa mitambo ya nyumbani, jina langu Siwema, na jini sijawahi kumwona wala kumfungulia mlango. Nilichofungua ni kisakinishi tu, kama ninavyofungua kila siku ya Mungu, na laiti watu wangejua kisakinishi ni nini wasingekuwa wanawaita watoto wao ndani nikipita.

Aliyekuja kunichukua ni Bi. Nyamizi, dada mkubwa wa marehemu. Alinikuta kibandani kwangu jua likiwa la utosi, lile jua la Oktoba la Tabora linalokausha hata mate.

"Shikamoo, Bi. Nyamizi."

"Marahaba. Beba mkoba wako twende. Nyumba ya mdogo wangu imekuwa kiziwi. Pampu haivuti, makomeo hayafungi, taa haziwaki. Na wifi yangu yumo ndani ya eda, hatuwezi kujaza mafundi wanaume mle. Fundi mwanamke ni wewe tu mji mzima."

"Sasa hapo nasifiwa au naonewa huruma?"

"Siwema, mimi nina msiba. Sina nafasi ya mdomo wako."

Nikafunga mdomo, nikabeba mkoba. Bi. Nyamizi alikuwa mwalimu wa madrasa miaka mingi na mpaka leo ukimjibu unahisi fimbo mgongoni.

Mwanaidi, mjane mwenyewe, tulimkuta amekaa sebuleni juu ya mkeka, nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, uso mkavu bila wanja wala mafuta. Nikampa pole, akaitikia kwa sauti ndogo, akanyoosha kidole kuelekea stoo. Alikuwa amebakiza wiki tatu kutimiza ile miezi minne na siku kumi. Ndugu zake wa Nzega walikuwa wameshapanga kuja kumchukua siku ya kutoka eda, apumzike kwao.

Stoo nikakuta sanduku la mtambo limepigwa na joto, diski imekufa. Hilo si tatizo. Tangu zile ghala kubwa za mbali zilizokuwa zikitunza mambo ya watu zizimwe, kila nyumba inajitegemea na sanduku lake, na masanduku hufa kama kuku wa kideri. Unaweka diski mpya, halafu unasakinisha mwenye nyumba. Ndivyo tunavyoiita sisi mafundi. Ni programu inayoukata mtambo mmoja vyumba vyumba, kila chumba na mpangaji wake: huyu wa pampu, huyu wa taa, huyu wa makomeo. Kila mpangaji anajiona nyumba nzima ni yake peke yake. Wapangaji ndivyo walivyo.

Nikachomeka kisakinishi, ile programu ya kuingizia programu nyingine mtamboni. Kikaenda vizuri, halafu kikasimama na maandishi mekundu: kifaa hakitambuliki.

Nikafunua sanduku. Ndani, chini ya vumbi, ilikuwa imekaa kadi nyeusi pana kama kiganja, ambayo kabla ya hapo nilikuwa nimeiona kwenye picha tu.

"Dada Mwanaidi," nikaita, "hii kadi ya nini?"

Akaja akasimama mlangoni. "Ya miguu yake."

Mrisho alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Hilo mtaa mzima ulijua. Ambalo sikulijua ni kwamba zile hatua zake nzuri za miaka ya mwisho, akienda msikitini kama kijana, zilikuwa zinatoka stoo. Alikuwa amepandikizwa kishanga, kifaa kidogo kama ushanga, nyuma ya sikio, na kishanga kilizungumza na kadi. Kadi ilikuwa inaikisia hatua kabla mguu haujaipiga, inaituma, mguu unaitikia. Ili iweze kukisia hivyo, ilikaa ikimsoma mtu mmoja huyo huyo miaka tisa, usiku na mchana, anavyogeuka kitandani, anavyosita, anavyokimbilia chooni. Na kwa kuwa mwenyewe alikuwa hodari wa nyaya, akaiunganisha nyumba nzima kwenye kadi: akitaka kuinuka taa iwake mbele yake, akikaribia bomba maji yawe tayari.

Kampuni iliyotengeneza kadi ile ilishafunga milango. Matoleo mapya ya mwenye nyumba yamekwisha kuitupa kadi hiyo, hayana kiendeshi chake, yaani programu ya kuzungumza nayo, na mtambo usio na kiendeshi cha kifaa ni sawa na mtu asiyejua lugha ya mgeni wake. Wanatazamana tu.

"Itoe uitupe," akasema Bi. Nyamizi.

"Nikiitoa, nyumba yote inabidi ifumuliwe nyaya upya. Mafundi umeme, ngazi, nyundo, mwezi mzima. Wanaume."

Bi. Nyamizi akashusha pumzi. "Basi iseme lugha hiyo hiyo."

*

Kuingiza kiendeshi ndani ya kisakinishi si uchawi. Unakifungua kisakinishi kama unavyofumua mshono, unatia kiendeshi chako mahali pake, unakigonga muhuri wako ili mtambo usikikatae, unashona tena. Kazi ni pale ambapo kiendeshi chenyewe hakipo na inabidi ukiandike. Nilikiandika mwenyewe, nikiwa nimekaa juu ya gunia la mchele wa msiba, jasho likinichuruzika, Mwanaidi akiniletea maji ya kunywa kutoka kwa jirani.

Kadi haikuwa ngumu ila kwa jambo moja. Kila mara, kabla ya kufanya chochote, ilikuwa inauliza: mapigo? Ilitaka kujua moyo wa mwenyewe unadunda vipi. Na ilikubali majibu matatu tu: yapo, dhaifu, hayapo. Ukiijibu hayapo, inajizima na kila kilichounganishwa nayo kinazimika. Ukinyamaza, inakataa kuamka.

Kusema yapo niliona ni uongo mkavu. Kusema hayapo ni kuua pampu. Basi nikaandika ijibiwe dhaifu, siku zote, bila kuchoka. Sikufikiri mara mbili. Ndivyo tunavyofanya wote hapa, nani hapa kwetu aliyewahi kupigiwa simu akaambiwa baba yako amekufa? Unaambiwa mzee hajisikii vizuri, njoo nyumbani. Unapanda basi na moyo unajua, lakini mdomo wa mtu haujakutamkia. Mkono wangu uliandika dhaifu kwa adabu ileile.

Nikasakinisha. Maandishi mekundu hayakutokea. Pampu ikakohoa, maji yakapanda, taa ya ukumbini ikawaka peupe mchana. Bi. Nyamizi kigelegele kilimfika kooni akakiziba kwa ukaya wake wa kichwani.

Kwenye orodha ya wapangaji nikaona vyumba vitatu nilivyovitengeneza, na cha nne ambacho sikukitengeneza mimi. Nikadhani ni cha kadi yenyewe, mambo yake ya ndani. Nikafunga mkoba nikaenda zangu.

*

Juma halijaisha Bi. Nyamizi akarudi kibandani. Safari hii hakuniamrisha. Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Wifi yangu amevua nguo za eda," akasema.

"Amevua?"

"Amevaa kanga za rangi. Amepaka wanja. Anapika chakula cha watu wawili. Nimemwambia kuna dhambi, ananicheka, anasema eda ya nani? Njoo uone ulichokifanya, Siwema, maana mimi siielewi ile nyumba tena."

Nilitaka kujibu kwamba sijafanya chochote, kiendeshi ni kiendeshi. Lakini uso wake ulikuwa umepauka, na Bi. Nyamizi si mtu wa kupauka. Tukaenda.

Mwanaidi alitupokea kwa furaha, na furaha ile ndiyo iliyonitisha kwanza. Mikono ina hina mpya. Nyumba inanukia udi. Mchana ule madirisha yote yalikuwa wazi, jua limejaa ukumbini, huwezi kusema kuna giza la kumficha mtu. Akatukaribisha, akaweka kidole mdomoni mwake tunyamaze.

"Ameamka," akanong'ona. "Tazameni."

Taa ya chumbani ikawaka. Kisha ya mlangoni pa chumba, kisha ya kwanza ya ukumbini, ya pili, polepole, na vituo vidogo katikati. Miguu yangu iliutambua mwendo ule kabla ya kichwa. Alikuwa Mrisho. Ule mwendo wake wa kuanza kwa kusita, kisha hatua tatu za haraka, kisha kusita. Bomba la bafuni likafunguka lenyewe likatiririka, na msikitini hapo hapo mwadhini akaanza kuadhini adhuhuri. Bomba lilimtangulia, kama Mrisho alivyozoea kutawadha kabla ya adhana.

Taa zikafika kizingitini pa bafu, zikakwama. Ya mwisho ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Wallahi nywele zilinisimama, jua lote lile.

Mwanaidi akainuka, akaenda akasimama kando ya mlango wa bafu, akainamisha kichwa kama anayemsemesha mtu mfupi kidogo kuliko yeye. "Bismillahi," akasema taratibu, "vuka."

Taa ya bafuni ikawaka.

"Astaghafirulahi," akasema Bi. Nyamizi, akashika ukuta.

"Vizingiti ndivyo vilivyokuwa vinamshinda," Mwanaidi akatueleza, tena kwa utulivu kabisa. "Alikuwa akifika mlangoni miguu inaganda. Nikimwambia vuka, anavuka. Ile kadi ina sikio lake kwa ajili ya sauti yangu. Siku ya kwanza fundi ulipoondoka alikwama pale mpaka magharibi, mimi sijui. Nilipojua nikamvusha. Sasa siwezi kutoka, shoga. Nikitoka, nani atamvusha?"

"Nduguzo wa Nzega wanakuja," akasema Bi. Nyamizi.

"Watanikuta nipo na mume wangu."

*

Nikaenda stoo, nikafungua kile chumba cha mpangaji wa nne. Kadi huandika kila inachofanya, na watengenezaji walikuwa watu wa huku huku, maandishi yake ni ya Kiswahili. Nilisoma mstari wa kwanza, wa pili, kisha nikashusha chini, chini zaidi, na yote ilikuwa hiyo hiyo.

Hatua imetumwa. Mguu haujajibu. Nitajaribu tena.

Hatua imetumwa. Mguu haujajibu. Nitajaribu tena.

Nikaelewa. Mapigo yakiwa dhaifu, kadi ile imefundishwa isimwache mgonjwa. Penye sakafu tambarare inajikisia kwamba mwili umesogea, inaendelea. Penye kizingiti haithubutu kukisia, maana hapo mtu huanguka, basi inasubiri mguu ujibu au sauti ya mke. Na mguu upo makaburini. Tangu nilipochomeka kisakinishi changu ilikuwa inamsukuma marehemu asimame, haipumziki, inajaribu na kujaribu. Hakuna aliyeiambia.

Nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani.

Nikawaita wote wawili. Stoo ilikuwa ndogo, tukabanana kati ya magunia. Nikawasomea.

Bi. Nyamizi alikuwa wa kwanza kusema. "Zima."

"Hakuna wa kuzima," akasema Mwanaidi. "Siwema, nakuapia. Ukigusa hapo umeniulia mume."

"Mume wako tulimzika, wifi! Mimi mwenyewe nilishika shuka wakati anaoshwa!"

"Mlizika mwili. Mwili wenyewe ulikuwa haumtii siku zote. Mwendo wake ulikuwa humu, na humu ndimo ulimobaki. Fundi, sema kweli. Si yeye?"

Wote wakanitazama. Ningesema si yeye, ni hesabu tu, ningekuwa nimesema nisilolijua. Miaka tisa kitu kinamsoma mtu mpaka kinajua ataweka wapi mguu kabla yeye mwenyewe hajajua. Kimebaki nini cha mtu huyo ambacho hakimo? Mengi. Ucheshi wake haumo, wala sauti, wala dini yake. Lakini kule kutaka kuinuka kumo.

"Sijui kama ni yeye," nikasema. "Ninalolijua ni kwamba kuna kitu mle kinahangaika, dada. Wewe unaona taa, unaona amekuja. Mimi nasoma upande wa pili. Upande wa pili hajafika popote. Anajaribu kusimama tangu nilipomwasha."

Mwanaidi akauchukua mtambo wangu mdogo wa kusomea, akauweka mapajani mwake, akasoma. Alisoma muda mrefu, kidole cha hina kikishuka na mistari. Huko bafuni maji yalikuwa yanatiririka bure.

"Mbona haachi?" akauliza.

"Kwa sababu kila akiuliza mapigo, mimi namjibu dhaifu."

Bi. Nyamizi akageuka. "Unamjibu nini?"

Nikawaeleza. Nilitegemea anivamie kwa maneno, lakini alikaa chini juu ya gunia, akajipangusa uso kwa ncha ya ukaya.

"Umemfanyia kama wafiwa," akasema. "Umemwita nyumbani kwa kumwambia mgonjwa hajisikii vizuri, kafika, kakaa sebuleni, na hakuna mtu mzima wa kumwambia. Ya Rabi. Hata mtoto hatumfanyii hivyo mpaka jioni."

Mwanaidi alikuwa bado anasoma. Machozi yalianza kudondokea kioo, akawa anayapangusa ili aone mistari.

"Tangu lini anajaribu hivi? Na usiku?"

"Na usiku."

"Mimi nalala," akasema. "Mimi usiku nalala, yeye yuko mlangoni."

Nikauvuta mtambo taratibu kutoka mapajani mwake.

Nikamwambia ninaweza kubadili jibu. Neno moja tu, hata kusakinisha upya hakuhitajiki. Nikiandika hayapo, kadi itakatika hapo hapo alipo, na pampu na makomeo vitakwenda nayo, hayo tutayashughulikia baadaye. Ila nikamwambia pia kwamba mimi sitaandika mpaka yeye mwenyewe aniruhusu.

"Hawezi kukatwa hivyo, kama waya," akasema Mwanaidi. "Hajaambiwa."

*

Tukarudi ukumbini. Taa zilikuwa zinatoka bafuni zikakwama tena kwenye kizingiti kilekile, safari hii kwa ndani, ya mwisho ikiwaka na kuzima. Mimi niliketi sakafuni na mtambo wangu, kidole tayari. Bi. Nyamizi alisimama nyuma yangu. Nikamsikia anasoma kitu kwa pumzi.

Mwanaidi hakusimama. Alikaa kitako mbele ya mlango wa bafu, kama mtu anavyokaa karibu na mfiwa, akajifunika kanga mpaka kichwani.

"Baba Hidaya," akasema. Hidaya alikuwa mtoto wao aliyefariki mdogo, sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo mbele za watu. "Usisogee. Kaa kwanza. Nina maneno."

Taa ikaendelea kuwaka na kuzima. Kwenye kioo mistari ilikuwa inashuka.

"Uliugua sana mwezi ule. Unakumbuka? Nilikuwa nakugeuza mimi na dada yako. Ulipoacha kula tulikupeleka hospitali, ukakaa siku chache. Wakatuambia hali si nzuri." Akaivuta kanga usoni. "Haikuwa nzuri, mume wangu. Alfajiri ya Ijumaa ulitutoka. Mungu amekuchukua. Tumekuosha, tumekusalia, watu walijaa mpaka barabarani. Tumekuzika karibu na mtoto wako. Umekufa, Mrisho. Usihangaike tena na mlango."

Sikutaka kutazama kioo, nikatazama. Hatua imetumwa. Mguu haujajibu. Halafu ule mstari wa kujaribu tena haukufuata. Nikangoja. Kadi huandika mara kadhaa katika pumzi moja, na sasa nilivuta pumzi nikaitoa, nikavuta nyingine. Taa ya kizingitini ilikuwa imeacha kupepesa, inawaka tu, imetulia.

Kisha kadi ikauliza, kama ilivyouliza siku zote: mapigo?

Mara hii kiendeshi changu hakikuwahi kujibu. Nilikuwa nimekizuia kwa kidole, na swali likabaki limekaa peke yake katikati ya kioo.

"Anauliza," nikasema.

Mwanaidi hakugeuka. "Mjibu ukweli."

Nikaandika: hayapo.

Sijui kile kitu kilielewa au hakikuelewa. Watu wa fani yangu wakinihoji nitawaambia sauti ya mke ilisimamisha hesabu kwa sekunde kadhaa, basi, na naweza kutumia hata mwezi mzima kuwaeleza jinsi ilivyokuwa. Taa ikazima. Bomba likakatika. Makomeo ya nyumba nzima yalilia mara moja, yakaachia, na pampu nyuma ya nyumba ikanyamaza. Tukabaki na mlio wa nzi dirishani.

Ndipo Mwanaidi akapiga ukelele. Siku ya mazishi hakulia, watu walimsifu kwa subira yake, mimi mwenyewe nilimsifu. Ukelele huu ulitoka tumboni, ukapita madirishani, ukaenda mtaani. Alijipiga kifuani, akalala chini pale kizingitini, akawa anaita jina lake bila kupumzika. Nilimshika mabega nikashindwa kumwinua, basi nikalala naye nikamkumbatia, nikalia na mimi. Nililia kwa sauti, na sioni haya kusema.

Majirani wakaingia mbio, wanawake watatu wanne, mmoja ana mwiko mkononi bado. Mama Kurusumu wa nyumba ya pili akatutazama sakafuni, akatazama kanga za rangi, hina, wanja uliotiririka mashavuni.

"Jamani, kuna nini? Nani tena amefariki?"

Mwanaidi akainua uso. "Mume wangu," akasema. "Mume wangu amefariki."

Mama Kurusumu akamgeukia Bi. Nyamizi, macho yakimwuliza kama mjane yule amerukwa na akili. Nilijua anachoweza kujibu. Alikuwa na sheria upande wake, na kalenda, na wiki mbili na ushei zilizobaki, na mwalimu wa madrasa hajawahi kuacha kosa lipite.

Bi. Nyamizi alikwenda chumbani, akatoka na zile nguo nyeupe, akapiga magoti akaanza kumfuta wifi yake wanja kwa ncha ya ukaya wake mwenyewe.

"Hamkusikia?" akawaambia bila kuinua kichwa. "Tumefiwa. Mmoja akateke maji, mwingine atandike jamvi."